Shukrani kwa mzee wa Kibuye

Mzee wangu wa pale Kibuye, Kisumu, jina lako sikuuliza, lakini asante sana. Uliacha kuchomelea mageti ya watu ukanichorea kwa chaki stendi ya mashine yangu ya kukereza vyuma: miguu ipanuke chini, vyuma vya mshazari kila upande, na mchanga mkavu ndani ya mabomba upunguze mtetemo. Kubwa zaidi ni lile la pimamaji. Ulisema kitanda cha mashine, yaani ule mwili wake mrefu wa chini, kikikazwa bolti juu ya stendi isiyo sawa, nacho hupinda, na chuma unachokereza hutoka chembamba mwisho mmoja kuliko mwingine. Nimepima kwa pimamaji, nikaweka vibati vya kusawazisha chini ya mashine kabla ya kukaza, na inakata sawasawa. Pesa ya chai ulikataa. Mandazi nitaleta, na hayo hukatai!