Barua kwa Nyanya kutoka Charlottesville

Charlottesville, Virginia
4 Machi

Nyanya mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima na kwamba mguu umepata nafuu. Mimi huku sijambo, ila baridi bado haijatuachia. Najua atakayekusomea ni kitindamimba wetu, kwa hiyo namwomba asome polepole, asiruke mstari, maana safari hii nina jambo la kukueleza na jingine la kukuomba.

Jana, tarehe 3 Machi, mji huu uliadhimisha siku ya ukombozi, nami sikwenda maktaba kama ilivyo kawaida yangu, bali nilishinda na wenzangu katika viwanja vya chuo chetu, Chuo Kikuu cha Virginia. Tarehe hiyo mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokuwa ukingoni, askari wa jeshi la Muungano, yaani wa upande wa Kaskazini, waliingia Charlottesville, na wakubwa wa mji pamoja na maprofesa wakatoka kuwalaki wakiwa na bendera nyeupe, wakiomba chuo kisidhuriwe. Chuo hakikudhuriwa. Askari walikaa siku tatu tu, kisha wakaendelea na safari yao, na baadhi ya watu waliokuwa utumwani wakafunga vitu vyao na kufuatana nao. Wakati huo, katika wilaya hii ya Albemarle, watumwa walikuwa karibu 14,000, yaani zaidi ya nusu ya wakazi wote. Hata hivyo, kwa miaka mingi sikukuu ya mji ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Thomas Jefferson, mwasisi wa chuo hiki, ambaye mwenyewe alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Ni mwaka 2019 tu ndipo baraza la mji lilipoiondoa sikukuu hiyo na kuiweka hii badala yake.

Nilipofika hapa mara ya kwanza niliyapenda mno majengo ya chuo, na nilikutumia picha zake, unakumbuka: lile kuba kubwa jeupe, nguzo, na kuta za matofali mekundu. Sikujua wakati ule kwamba udongo wa matofali hayo ulichimbwa, ukakandwa na kuchomwa na watumwa. Tangu ujenzi ulipoanza mwaka 1817 hadi askari wale walipoingia, watu karibu 4,000 walifanya kazi hapa utumwani. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuja na watumwa wao, lakini maprofesa walikuwa nao, wasimamizi wa mabweni walikuwa nao, na chuo chenyewe kiliwakodi kutoka kwa mabwana wa jirani. Waliteka maji, walikata kuni, walipika, walifua, na waliwasha moto vyumbani alfajiri kabla wanafunzi hawajaamka.

Ukumbusho wao uko mbele ya chuo, upande wa barabara kuu. Ni duara la mawe meusi lisilofungika, lenye upana wa futi 80, sawasawa na lile kuba. Ukuta wa ndani umechongwa majina. Nasema majina, lakini hapo ndipo penye uzito wenyewe, Nyanya, kwa sababu walipolijenga duara hili walikuwa wamepata majina 578 tu kati ya hao 4,000, na mengi kati ya hayo ni jina moja lisilo la baba wala la ukoo. Wengine 311 walijulikana kwa kazi au kwa udugu peke yake, kwa hiyo jiwe limeandikwa mpishi, mwashi, mama, binti, bibi. Waliobaki wote wamechongewa mstari mmoja mmoja, mfupi, uliolala, kama mkato wa kisu kwenye ubao wa jikoni, na juu ya mstari pameachwa nafasi ya jina. Jana asubuhi kulinyesha manyunyu, na maji yakashika ndani ya ile mikato, kisha yakaanza kutiririka taratibu ukutani. Mama mmoja mtu mzima, mzao wa watu wale, alikuwa amesimama kando yangu, akapitisha kidole katika mstari mmoja tu, akarudia, akarudia tena, bila kusema neno.

Upande wa nje, katika jiwe lililochongwa kwa mikwaruzo, kuna macho ya mwanamke. Huyo ni Isabella Gibbons, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya profesa mmoja hapa hapa chuoni. Alijifunza kusoma akiwa bado mtumwa, na uhuru ulipokuja akawa mwalimu, akawafundisha watoto wa watu waliokombolewa kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Mwaka 1867 aliandika akiuliza kama watu wake wanaweza kusahau mjeledi, mnada, pingu, na mtoto anayenyakuliwa kifuani mwa mama yake, na akajibu mwenyewe kwamba hawajasahau wala hawatasahau kamwe. Maneno hayo yamechongwa katika ukumbusho, nasi tuliyasoma jana kwa sauti, wote kwa pamoja. Sauti yangu ilikatika nilipofika kwenye mtoto.

Nikueleze pia habari za mpiga kengele, maana ndiye aliyenifanya nikufikirie wewe siku nzima. Aliitwa Henry Martin. Mwenyewe alisema alizaliwa Monticello, kwenye shamba la Jefferson, siku ileile aliyokufa Jefferson, 4 Julai 1826. Akiwa mtumwa, na baadaye akiwa mtu huru, alipiga kengele ya chuo kwa zaidi ya miaka 50 hadi mwaka 1909, akianza alfajiri kabla ya kila mtu. Watu walipima siku yao kwa mikono yake. Nilipokuwa nikisikiliza habari hizo niliiona Kengeleni ya kwetu Mombasa, Nyanya, niliuona ule mnara tunaoupita kila siku tukienda sokoni Kongowea, na matatu zinazopiga honi chini yake. Wewe ndiwe uliyetuambia kwamba kengele ile ilikuwa ya kuwaonya watu wa Freretown kwamba jahazi la wafanya biashara ya watumwa limeonekana, ili kila mwenye mtoto amshike. Tulikuwa wadogo, tukadhani ni hadithi ya kutulaza.

Hapa nimeyasoma ambayo nyumbani hatukuyazungumza: kwamba misheni ilianzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini, kwamba wengi walikuwa watoto, Wayao, Wanyasa, Wamakua, na kwamba utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani yetu hadi mwaka 1907. Watoto hao walipewa majina ya ubatizo. Majina ya kwanza, yale waliyoitwa na mama zao, yaliachwa huko nyuma. Nakumbuka siku moja nilikuuliza kwetu ni wapi hasa, ukanijibu kwamba sisi ni watu wa misheni, ukaniambia niende nikachote maji. Sikukasirika wakati ule, na sikasiriki leo. Najua neno mtumwa lilivyotumika kuwachoma watu pale kwetu, na najua ulinyamaza ili tusije tukachomwa nalo shuleni. Lakini wazao wa watu wa hapa walilisema neno hilo jana mbele ya umati, wakiwa wameshikana mikono na watoto wao, na sikuona aibu katika uso wa mtu yeyote. Aibu si yao, Nyanya, wala si yetu.

Jioni tulirudi kwenye duara. Kuna njia iliyopangwa makusudi ielekee pale jua linapotua tarehe 3 Machi. Mawingu yalikuwa yamepasuka kidogo, jua likashuka mwishoni mwa njia ile, likaangaza mikato ukutani mmoja baada ya mwingine. Nilisimama mpaka giza likaingia, nikimfikiria bibi yako aliyekulea, yule aliyeteremshwa kutoka jahazini akiwa mtoto.

Ombi langu ni hili. Jumapili, mkishatoka kanisani na kula, kaa na kitindamimba wetu, umwambie yote unayokumbuka juu yake: alikuwa akiimba nini, kwa lugha gani, alikuwa na chale usoni au la, aliwataja ndugu gani, na kama kuna siku alitamka jina lake la kwanza. Kama hupendi sauti yako iwekwe kwenye simu, basi na aandike kwa kalamu katika lile daftari kubwa nililoliacha kabatini. Waandikwe na wengine pia, wa upande wa babu, kila mmoja katika mstari wake. Pale ambapo jina halipatikani, asiruke; aandike mama, au mpishi, au mtoto, na kama hata hilo halipo, apige mstari na kuacha nafasi juu yake.

Mjukuu wako akupendaye.