Meneja akisema "Iowa inaruhusu"

Ndugu Mhariri,

Vijana wetu wengi hapa Des Moines, jimboni Iowa, Marekani, sasa wana kazi za jioni mikahawani na kwenye maduka ya vyakula. Sipingi. Kijana akijinunulia viatu, mzazi mwenye kodi ya nyumba shingoni anapumua kidogo. Ninachopinga ni mzazi kutia sahihi karatasi ya mwajiri aliyosomewa na mtoto yuleyule anayeitaka hiyo kazi. Nina jirani, mama mlokole kwelikweli, aliyekuja kugundua baadaye kwamba amemruhusu mwanawe wa miaka 16 kupeleka bia mezani. Sheria ya jimbo inakubali hilo, mradi mzazi aridhie kwa maandishi. Karatasi yenyewe ilikuwa Kiingereza kitupu.

Sheria hiyo Gavana Kim Reynolds aliisaini mwaka 2023. Pia inawaruhusu wenye miaka 14 na 15 kufanya kazi hadi saa 3 usiku wakati wa masomo. Ukienda kulalamika, meneja anakujibu: Iowa inaruhusu. Hakwambii kwamba ipo sheria ya serikali kuu, ya tangu 1938, ambayo kwa umri huo inataka mtoto awe ameshatoka kazini saa 1 jioni, asizidishe saa tatu za kazi siku ya shule, wala saa 18 kwa wiki ya masomo. Mikahawa mingi iko chini ya sheria zote mbili, na zikigongana inashika ile inayomlinda mtoto zaidi. Wizara ya Kazi ya Marekani iliieleza Iowa hivyo mwaka huohuo.

Halafu kuna mashine ya kukatia nyama. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuiendesha, na kuiosha pia haruhusiwi, hata ikiwa imezimwa na kisu chake kimeshafunguliwa. Wazazi huniambia, "Wangu anaosha vyombo tu." Muulizeni anaosha vyombo gani. Hatari hizi si za kufikirika: Februari 2023 kampuni ya usafi ya Packers Sanitation Services ilitozwa faini ya dola milioni 1.5 baada ya watoto 102, wa miaka 13 hadi 17, kukutwa wakisafisha viwanda vya nyama katika majimbo 8, wengi wao zamu za usiku.

Kwetu tuliopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, kuna jambo ambalo mameneja hawalijui. Tarehe 1 Januari tumezaliwa wengi mno! Karani wa kambini aliandika alichokadiria, na wapo watoto walioongezwa miaka miwili, mitatu. Kwenye karatasi huyo keshatimiza 18, kwa hiyo anakabidhiwa foklifti na zamu ya usiku, na hayo yote niliyoyataja hayamhusu tena. Mwenye mtoto wa namna hiyo amwone wakili wa uhamiaji mapema, kabla mtoto hajaajiriwa, maana kurekebisha umri huchukua muda mrefu.

Ombi langu kwako, Mhariri: chapisha saa na kazi zinazokatazwa kwa Kiswahili, zikae ukurasa mmoja, tuubandike makanisani na misikitini. Na namba ya Wizara ya Kazi iwekwe juu kabisa: 1-866-487-9243. Anayepiga jina lake halitolewi kwa mwajiri.

Mzazi, Des Moines, Iowa