H ya Kibaski haikutoka Ufaransa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu lahaja za Kibaski, lugha inayosemwa pande zote mbili za mpaka wa Hispania na Ufaransa, inadai kwamba h ya maandishi sanifu imeazimwa kutoka upande wa Ufaransa. Ni kweli kwamba leo hutamkwa huko tu, lakini hati kongwe zinasema vingine.

Tazama orodha ya monasteri ya San Millán, ya mwaka 1025, yenye vijiji vya Álava vilivyolipa ushuru wa vyuma. Álava iko Hispania na haipakani kabisa na Ufaransa. Humo mna Haberasturi na Elhorriaga, ambavyo leo ni Aberasturi na Elorriaga. H ya mwanzo wa neno, sawa, yaweza kuwa mazoea ya karani aliyesomea Kilatini. Hii inayokaa baada ya l je? Kilatini hakikumpa sababu ya kuiweka hapo; aliiandika kwa kuwa aliisikia. Tena jina hilo limetokana na mti wa miiba ambao Wabaski wa kaskazini, upande wa Ufaransa, hadi leo huuita elhorri. Kufikia karne ya 16 sauti hiyo ilikuwa imeshatoweka Álava.

Tahadhari moja: tunachosoma ni nakala ya mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1025 ni wa orodha, si wa wino, na mnakili huweza kurekebisha tahajia.

Linaloniudhi zaidi ni kuibandika hati lahaja kwa neno moja. Maelezo ya Kibaski yaliyoandikwa pambizoni mwa kitabu cha Kilatini cha San Millán, "jzioqui dugu" na "guec ajutu ez dugu", ni maneno sita tu. Kwa kuwa mahali pa dugu ("tunacho") watu wa magharibi husema dogu, makala imeamua kuwa aliyeyaandika alitoka mashariki. Huko ni kurudisha nyuma mipaka ya leo kwa karne tisa au zaidi. Isitoshe, herufi za Kilatini hazikutosha sauti zote za Kibaski, kama vile katika hati zetu za kale za herufi za Kiarabu b moja ilivyobeba b, p na hata mb.

Linganisheni na muswada wa Lazarraga wa Álava, wa karne ya 16, uliogunduliwa mwaka 2004. Una mashairi na hadithi ya wachungaji, na dot ("ninacho") na dau ("anacho") za magharibi zinajirudia ukurasa baada ya ukurasa, pale ambapo Etxepare, mwandishi wa upande wa Ufaransa aliyechapisha kitabu chake Bordeaux mwaka 1545, ana dut na du. Kwa matini ndefu namna hiyo, mtu anaweza kutaja lahaja bila kubahatisha.