Barua kwa mdogo angu aliyejifungua juzi

Mdogo angu, naandika hapa wazi manake najua mko wengi. Jana kwenye simu umeniambia "dada nanyonyesha tu wasije wakanisema", hapo ndo pameniuma.

Kunyonyesha kwa kuogopa maneno kunachosha jamani, mwili na akili. Kila anayekuja kumuona mzazi ana lake, huyu anauliza maziwa yanatoka, yule anasema mtoto hashibi mpe ya kopo, mwingine kaleta mtori alafu anakusema umelala mchana. Wewe tafuta sababu yako mwenyewe, ata kama ni kwamba unapenda tu anavyokukodolea macho akinyonya, inatosha kabisa, mwenye sababu yake ndo anaamka saa 9 usiku bila kinyongo.

Na mawazo yanachangia kweli. Maziwa yanatengenezwa kadri mtoto anavyonyonya ila ili yatoke inahitajika homoni ya oksitosini, na hiyo ukiwa na maumivu au wasiwasi inachelewa, kwaiyo sio kwamba huna maziwa. Hiyo chuchu kuchanika mara nyingi mtoto kakamata ncha tu, subiri apanue mdomo achukue na ile sehemu nyeusi, kidevu kiguse ziwa. Nesi akuangalie ukiwa unanyonyesha, asikupe maelezo ya mdomo tu.

Miezi 6 bila ata maji ndo ushauri wa WHO na UNICEF, naukubali. Ila sheria yetu ya kazi Tanzania inakupa likizo siku 84, ukirudi kazini unapata masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha, hapo hesabu yenyewe haiji bila kukamua, sasa ukibanwa usijilaumu.

Alafu kulia. Siku za mwanzo wengi wanalia, homoni zinashuka. Ila wiki mbili zikipita bado unalia, huli, hulali ata mtoto akiwa amelala, au unaona kama angekuwa na nafuu bila wewe (hili ukiliwaza ata leo nipigie saa hiyo hiyo), hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua na ina tiba, na dawa za kutumia huku unanyonyesha zipo, usikubali mtu akwambie ni kukosa imani.

Nimeshaongea na shemeji, usiku kucheulisha na kubadilisha nepi ni zamu yake. Alhamisi kliniki naenda na wewe, nitamwambia nesi akuulize na wewe unaendeleaje, sio uzito wa mtoto tu.