Tope la mikoko si takataka

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako wa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari ya kufukiwa kwa kinamasi cha mikoko, ambamo mwandishi wako aliwaita watafiti "wachota tope" na chavua wanayoihesabu "vumbi la maua", imenishinda kuimeza.

Vumbi hilo lina ganda ambalo hata asidi inayoyeyusha mchanga hailiwezi. Likizama katika tope lisilofikiwa na hewa, hukaa humo maelfu ya miaka, tabaka juu ya tabaka, na mwenye hadubini hutambua chavua ipi ni ya mkoko, ipi ya mchu, mti mwingine wa jamii ya mikoko, na ipi ya nyasi, huku umri wa kila tabaka ukipimwa kwa kaboni. Ndivyo tope la delta ya Rufiji na la Unguja lilivyosimulia bahari ilivyopanda na kushuka, maana mikoko huyafuata maji. Ndivyo pia vinamasi vya Udzungwa na Uluguru, milima iliyo ndugu wa Usambara yetu, vilivyotoa kumbukumbu ya takriban miaka 48,000 na kuonyesha kwamba misitu ile ilidumu hata katika baridi na ukavu wa miaka 20,000 iliyopita. Mzee gani angetuhadithia hayo?

Mwaka 1998, nikifundisha jiografia, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu niliyemsaidia kuchimba aliniachia kipande cha tope cha urefu wa mita moja, kilichonuka kama yai viza. Nilikifunga kwa nailoni, nikakiandika kina cha kila sehemu kwa kalamu ya wino mzito na kukilaza stoo, na kwa miaka mitatu vidato vyangu vilikiona na kukigusa, hadi siku ulipokuja ugeni. Nilirudi kutoka msibani nikakuta stoo imefagiliwa na tope langu, lenye karne nisizoweza hata kuzihesabu, limeshindiliwa katika shimo la langoni ili gari la mgeni rasmi lisiyumbe. Nilipouliza, niliambiwa nishukuru kwamba hatimaye limepata kazi. Mgeni mwenyewe hakufika.

Na si tope peke yake. Kipimamvua cha shule kiligeuzwa chombo cha maua, na madaftari ya mvua yakaliwa na mchwa. Kisha kila masika yakichelewa, gazeti lako huuliza kwa mshangao kama hali kama hii imewahi kutokea.

Naomba mwandishi wako aletwe Sahare siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, apewe bomba la plastiki la inchi 3 na nyundo, alizamishe hadi mita mbili, alichomoe bila kumwaga kitu, kisha aiandike habari yake upya kabla hajanawa miguu. Viatu aviache ofisini kwako.

Mwalimu mstaafu,
Sahare, Tanga