Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mji Mkongwe, Zanzibar: vyuo vya Qur'ani vilivyogeuzwa nyumba vinaharibiwa na saruji

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Assalamu alaykum.

Nakuandikia kutoka ghorofani kwetu, chumba ambacho wazee wa mtaa mpaka leo wanakiita chuoni. Watoto walisomea juzuu hapa kabla hapajafanywa nyumba ya kuishi. Ni chumba kirefu na chembamba, maana boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, na aliyetaka kukalisha watoto wengi hakuwa na njia ila kurefusha. Vidaka vya kuwekea misahafu vimo bado ukutani. Mama anaweka humo dawa zake na redio.

Sina ubaya na kugeuza chuo kuwa nyumba. Nyumba iliyofungwa ndiyo huanguka upesi. Shida yetu ni saruji.

Fundi alitushauri tubandue chokaa ya ukuta wa chini tupige plasta ya saruji. Ukang'ara, tukafurahi. Masika ilipopita, plasta ikavimba. Niliigonga kwa kidole ikalia utupu, kipande kikaanguka, na nyuma yake udongo umelowa, unachimbika kwa kijiko. Ukuta wa mawe ya matumbawe na udongo mwekundu hunyonya maji kutoka chini. Chokaa huyaachia yatoke, saruji huyafungia ndani, nayo hupanda juu. Yakifika kwenye vichwa vya boriti, boriti huoza mahali ambapo jicho halifiki, na sakafu nzima ya juu imeshikwa na vichwa hivyo. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la hapa Mji Mkongwe, ilipoanguka tarehe 25 Disemba 2020, watu wawili wakafariki, kila nikisikia changarawe zikidondoka usiku naamka kuwatazama watoto.

Ninaomba kila kibali cha kugeuza chuo au skuli ya zamani kiandikwe wazi kuwa kuta zitapakwa chokaa, na anayetaka kugawa ukumbi atumie mbao, si matofali ya saruji yanayoelemea boriti. Na chokaa ipatikane kwa urahisi. Saruji iko kila duka. Chokaa iliyolowekwa ikaiva sisi tuliitafuta wiki nzima. Mamlaka ikiloweka yake na kutuuzia hata kwa ndoo, wengi tutaiacha saruji.

Ukuta wetu tumeubandua wote, tunangoja ukauke. Tafadhali njoo uuone kabla hatujaupaka.

Wako,
Mkaazi wa Mji Mkongwe