Vidonge vya SP ulivyovitia mkobani

Muheza, 9 Juni

Shoga yangu Zuwena,

Hujambo, na huyo mgeni wetu hajambo? Sisi huku wazima. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Mara ya tatu nilikaa kitako. Eti nesi wa kliniki ya wajawazito amekupa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, ukajifanya unameza, ukavitia mkobani, maana huumwi popote na "sisi watoto wa Muheza malaria tumeizoea tangu tumboni".

Ni kweli tumeizoea. Tulipokuwa darasa la kwanza homa zilitulaza kila msimu wa mvua, na leo unaweza kuwa na vimelea vya malaria mwilini ukashinda dukani unauza kanga bila kujua. Kinga hiyo umeilipia kwa utoto wako mzima. Lakini ina tundu, na tundu lenyewe limefunguka sasa hivi, kwa sababu ya hiyo mimba. Nikueleze.

Kimelea kikishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu hukaa humo kama saa 48, kinakula na kuzaana. Chembe yenyewe inakuwa ngumu, na ikipita kwenye wengu itakamatwa. Kimelea hakitaki kufika huko. Hutengeneza protini, kikaitoa hadi juu ya chembe, nayo hunasa kwenye ukuta wa mshipa mdogo wa damu. Hapo ndipo kinapojitia hatarini, kwani kilichotoka nje mwili unakiona, na baada ya siku kadhaa kingamwili zake, yaani silaha za damu za kukishambulia, ziko tayari.

Sasa wewe muuza kanga utanielewa upesi. Kimelea kina jeni kama 60 za protini hiyo, yaani maagizo ya kurithi ya kuitengeneza, zinaitwa var, kila moja na jina lake na pindo lake. Kinavaa moja tu. Zilizobaki zimekunjwa sandukuni: uzi wa DNA umesokotwa ukabanwa, umesukumwa ukingoni mwa kiini, hausomeki. Hazikufutwa. Na kimelea kikigawanyika, watoto wake hurithi hata habari ya ipi iko wazi na zipi zimefungwa. Wachache tu kati yao hufunga ile na kufungua nyingine. Kingamwili zinapofagia wenzao, hao wachache ndio wanaosalimika na kujaza damu upya, nawe unarudi kitandani. Tena kimelea cha kijiji cha pili kina sanduku lake, si lilelile. Ndiyo maana ilituchukua miaka. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walilionyesha hili kwa watoto mwaka 1998: aina iliyomlaza mtoto ilikuwa kwa kawaida ni ile ambayo damu yake, kabla hajaugua, haikuwa na kingamwili zake, hata kama alikuwa nazo za aina nyingine.

Katika sanduku hilo mna kanga moja ambayo mimi na wewe hatukuiona utotoni. Inaitwa var2csa. Protini yake hainasi vizuri kwenye mishipa ya kawaida. Hunasa kwenye sukari ndefu iitwayo kondroitini salfeti A, na mahali inapoipata kwa wingi ni kwenye kondo la nyuma. Mwaka 1996 watafiti walichukua vimelea kwenye makondo ya akina mama wa Kisumu, Kenya, wakakuta vinashika sukari hiyo. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba akina mama waliozaa mara kadhaa, wa Kenya, wa Malawi, hata wa Thailand, wana kingamwili za kuvizuia visishike. Wanaume wa kwetu, hata aliyeumwa malaria mara mia, kwa kawaida hawana. Watazipata wapi, na kondo hawana? Na wewe, shoga, hilo la kwako lina miezi minne tu.

Sikukuambia habari ya Saidi nilipojifungua, nilikuwa naona uchungu kuisema. Alizaliwa na kilo 1.9. Mimba nzima sikuumwa hata kichwa. Nilikuwa mwanafunzi wa maabara, damu ya kidole changu niliipima mwenyewe mara mbili, safi. Alipozaliwa nikaomba kipande cha kondo, nikatengeneza slaidi. Zuwena, vimelea vilijazana, na rangi nyeusi ya mabaki yao imetapakaa kila ninapoangalia. Vilikuwa vimejishikiza mle vinamnyima mwanangu, kidoleni havionekani. Wiki nzima sikulala. Leo anacheza mpira darasa la nne, nashukuru, lakini ile slaidi bado naiona.

Kwa mimba ya pili mwili tayari huwa umeijua kanga hiyo, na Rehema alizaliwa na kilo tatu na robo. Chanjo ya kumfundisha mwanamke kabla hajabeba mimba inatafutwa. Mbili zimeshajaribiwa kwa watu wachache, moja Ujerumani na Benin, nyingine Ufaransa na Burkina Faso. Haijafika kliniki. Kilichofika ni SP na chandarua.

Kwa hiyo Jumatatu rudi kwa nesi, mwambie ukweli kwamba hukumeza. Hatakula nyama yako. Umeze mbele yake, hata tumbo tupu inamezwa, na aandike kwenye kadi. Kisha kila mwezi, mpaka ujifungue, angalau mara tatu. Na chandarua ulale ndani yake hata siku za joto.

Machungwa yameiva. Jumamosi ya wiki ijayo napanda basi la asubuhi nakuletea kiroba, na hiyo kadi nitaomba niione.

Wako akupendaye,
Mwanahamisi